Mbona lazima nithibitishe nimesota ndipo nisaidiwe?

Hebu fungua WhatsApp yako sasa hivi uhesabu grupu ulizowekwa bila kuulizwa. Si zile za mbogi wala za kazi. Nazungumzia zile za "Matibabu ya Mjomba", "Kamati ya Mazishi", "Karo ya Binti ya Anti". Mimi niko kwa nne. Kila moja ina mweka hazina, mara nyingi anti mmoja asiye na mchezo, na kila jioni anabandika orodha: jina, pesa, jina, pesa, halafu jumla, halafu kiasi kilichobaki. Jina lako lisipokuwepo kufikia Ijumaa, ukoo mzima umeona.

Sasa nikikwambia hiyo orodha ni kodi, utanipinga? Ina mkusanyaji, ina tarehe ya mwisho, ina adhabu ya kukwepa. Tofauti ni kwamba KRA angalau huangalia unapata ngapi kabla ikate.

Chukua mfano. Wewe una kibarua cha Sh20,000 kwa mwezi, unatuma Sh1,000 kwa grupu na hakuna anayepiga makofi. Hiyo ni asilimia 5 ya kipato chako. Binamu wa Syokimau mwenye gari anapata Sh200,000, anatuma Sh5,000, grupu inajaa emoji za mikono na "Mungu akuzidishie". Yeye ametoa asilimia 2.5. Aliyesota amelipa mara mbili, na baraka zimeenda kwa mwingine. Serikali ikileta kodi ya aina hiyo tungekuwa barabarani Jumanne hiyo hiyo.

Naanza hapa kwa sababu nimechoka na mjadala wetu wa "vya bure". Kila mara mtu akisema serikali ilipie matibabu au karo, kuna mwingine wa kujibu kwamba vijana wanapenda kuletewa, kwamba hakuna nchi imeendelea kwa kugawa pesa. Kwani sasa hivi hatugawi? Tunagawa kila wiki, usiku, kupitia M-Pesa. Swali ni nani anatoa, nani anapata, na nani anabaki amepiga magoti.

Wasomi wamezozania hili miaka mingi, na ukisoma vitabu vyao kidogo unagundua kwamba kila fomu unayojaza kwa ofisi ya serikali ina nadharia imejificha ndani. Mimi nilianza kuvisoma nikiwa sina kazi, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na mtu aliyenishika ni Mwingereza anayeitwa Richard Titmuss. Nampenda kwa sababu za kibinafsi: hakuwahi kuwa na digrii. Aliacha shule mapema, akawa karani wa kampuni ya bima kwa miaka 16, akiandika vitabu baada ya kazi. Mwaka wa 1950 London School of Economics ikamfanya profesa. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, nilipofika hapo niliweka simu chini kidogo.

Katika kitabu kilichochapishwa 1974, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, Titmuss aligawa mawazo kuhusu ustawi wa jamii mara tatu. Majina ninayotumia hapa ni yangu, yake ni mazito.

La kwanza naliita mtazamo wa spea. Unasema mtu ana njia mbili za kawaida za kuishi: soko na familia. Afanye kazi anunue anachohitaji, au jamaa zake wambebe. Serikali ni gurudumu la spea kwa buti ya gari. Inatolewa tu mengine yakipasuka, na ukishavuka inarudishwa. Ndiyo maana lazima uthibitishe kwanza kwamba umepata pancha.

La pili ni mtazamo wa pesilipu. Unapata kulingana na kazi yako na ulichochanga. Baba wa mtindo huu ni Otto von Bismarck wa Ujerumani, aliyeanzisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi 1883, ya ajali kazini 1884, na ya uzee 1889. Usimdhanie alikuwa mtu wa watu. Tangu 1878 alikuwa amepiga marufuku vyama na mikutano ya wasoshalisti, na bima zake zilikuwa mkono wa pili wa mpango ule ule: rungu huku, peremende kule. Lakini mfanyakazi aliyevunjika mguu kiwandani alilipwa.

La tatu ni mtazamo wa haki. Huduma fulani zinakufikia kwa sababu wewe ni mtu wa hapa, basi. Uwe tajiri, uwe fukara, mlango ni mmoja. Uingereza ilielekea huko baada ya ripoti ya William Beveridge ya 1942, na Julai 5, 1948 ikafungua hospitali za umma ambazo unatibiwa bila kuulizwa pesa mlangoni.

Kenya iko wapi? Tumechanganya zote tatu kama githeri, lakini mahindi ni mengi kuliko maharagwe. NSSF ilianza 1965 na NHIF 1966, zote zikifuata pesilipu, katika nchi ambayo wengi hawajawahi kuona pesilipu hadi leo. Mwaka huo huo wa 1965 serikali ilitoa Waraka Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, na mojawapo ya nguzo zake ilikuwa desturi ya kusaidiana. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa tayari ametupa neno Harambee. Shule, zahanati, mabomba ya maji, watu walijichangia. Ilikuwa kitu cha kujivunia, na sitaki kukidharau. Lakini ndani yake kulikuwa na ujumbe mwingine: jibebeni kwanza. Familia na jirani ndio serikali ya karibu, na ile nyingine ni spea.

Wacha nikwambie vile hiyo spea ilifanya kazi kwetu.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mjomba wangu alianguka kutoka ghorofa ya pili ya mjengo. Alikuwa fundi wa plasta, analipwa kwa siku. Bima hakuwa nayo. Hospitali ilitaka dipoziti kabla ya kumpeleka kwa upasuaji. Kontrakta alikuja siku ya kwanza, akaacha pesa ya chai, akazima simu. (Kenya ina sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya 2007, inayomtaka mwajiri alipe. Jaribu kuitumia ukiwa umelala na vyuma mguuni na hujui hata jina kamili la mwenye mjengo.) Usiku ule grupu ilifunguliwa. Tulikuwa watu arobaini na kitu. Mathe alikuwa na Sh38,000 za karo yangu ya muhula, zimekaa kwa simu zikisubiri Jumatatu. Akaniita jikoni. Hakuniambia nitoe, aliniuliza tu naona aje.

Nilisema tuma. Ningesema tuma hata leo. Mjomba anatembea, kwa fimbo, lakini anatembea. Muhula ule nilikaa nje nikisema nitarudi Januari. Januari kukawa na salio la hospitali, na mtoto wa mjomba alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Sikurudi tena.

Siandiki hivi nihurumiwe. Naandika kwa sababu ukiniuliza nani alinitoa chuo, sina wa kumshtaki. Kila mtu kwa ile orodha alifanya jambo zuri. Na ndio ubaya wa mfumo wenyewe: unachukua wema wa watu na kuula. Ajali moja ya mtu mmoja ilimaliza karo yangu, ikauza ng'ombe wa shosho, ikamchelewesha binamu kuoa. Bima ya kweli ingetawanya hasara hiyo kwa mamilioni ya watu, kila mmoja asikie kidogo tu. Grupu ya watu arobaini ambao wote wanatafuta rent haiwezi kutawanya kitu. Inazungusha umaskini ule ule kutoka simu moja hadi nyingine.

Na kuna bei nyingine isiyoandikwa kwa orodha. Mwaka wa 1990 msomi wa Denmark, Gøsta Esping-Andersen, aliandika kitabu maarufu kuhusu aina tatu za mifumo ya ustawi, na nchi zote alizochunguza zilikuwa tajiri. Sisi hatukuwemo. Ilibidi wengine, Ian Gough na Geof Wood, waje na kitabu 2004 kilichouliza: na pale ambapo serikali haibebi watu, watu wanabebwa na nini? Jibu lao ni mahusiano. Jamaa, jirani, tajiri wa kijiji, mwanasiasa. Wood alionya kwamba usalama wa namna hiyo una gharama: unapata wa kukuokoa leo, lakini unabaki chini yake kesho. Huwezi kumkosoa mtu ambaye utampigia simu mtoto akilazwa.

Soma hiyo tena ukimkumbuka mheshimiwa wako. Anakuja kwa mazishi na bahasha, analipa bili ya mgonjwa mmoja mbele ya kamera, anatoa basari kwa watoto ambao chifu na wazee wamechagua. Pesa ya basari ni ya umma, lakini inapofika kwako imeshageuka kuwa fadhila. Baada ya maandamano ya 2024, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza: sawa, bahasha imeondolewa, na bili ya hospitali je?

Watetezi wa mtazamo wa spea wana jibu. Wanasema hatutaki kuacha watu, tunataka kusaidia wanaohitaji peke yao. Kwa nini mtoto wa bilionea asome kwa pesa ya mama mboga? Ni swali la haki, na ndilo lililotuletea vipimo vya uwezo kila mahali. Mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu wa 2023 unawaweka wanafunzi kwa bendi kulingana na hali ya familia. Bima mpya ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inakata asilimia 2.75 ya mshahara kwa aliye na pesilipu. Asiye na pesilipu anajibu maswali kuhusu maisha yake, kisha mashine inakisia ana uwezo gani na kumpangia mchango, usiopungua Sh300 kwa mwezi. Na sheria ilipoanza ilimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Yaani mwenye mshahara wa uhakika anakatwa kidogo kidogo, na yule anayeamka bila kujua atakula nini anatakiwa alete zote mara moja. Nani aliketi chini akapanga hivyo?

Fikiria maswali yenyewe: nyumba ni ya nini, choo ni cha aina gani, maji yanatoka wapi. Sasa wewe unakaa Kayole au Pipeline, keja ya chumba kimoja. Ukuta ni wa mawe, sakafu ina tailsi, stima iko, choo ni cha kuvuta ingawa mnatumia watu wa floo nzima. Kwa karatasi unaonekana umeomoka. Lakini ukuta si wako! Ukikosa rent miezi miwili unafungiwa nje na ile tailsi inabaki ndani. Maswali ya aina hii yanaona vitu, hayaoni deni.

Waingereza walipitia haya kabla yetu. Mwaka wa 1931, uchumi ukiwa umeanguka, serikali yao ilianza kupima uwezo wa nyumba nzima kabla ya kumlipa mtu aliyekosa kazi kwa muda mrefu. Wakaguzi walikuwa wanaingia nyumbani na kutazama samani. Kama kijana wa nyumba alikuwa na kazi, mshahara wake ulihesabiwa na malipo ya baba yakapunguzwa. Kilichofuata ungeweza kukibashiri: vijana wakahama nyumbani, wengine kwa maandishi tu, ili baba apate chakula. Chuki dhidi ya kipimo hicho ilidumu, na ni sehemu ya sababu Beveridge alipoketi kuandika miaka kumi na kidogo baadaye alitaka malipo ambayo mtu anayapata bila kupekuliwa. Uliza rafiki yako yeyote anayeogopa kazi ya dada yake isije ikampandisha bendi. Ni hadithi ile ile, imebadilisha nchi.

Titmuss alikuwa na hoja moja zaidi ambayo kwangu ndiyo inayomaliza mchezo. Huduma iliyotengewa maskini peke yao huishia kuwa mbovu, kwa sababu wenye sauti hawaitumii. Angalia shule na wodi ambazo watoto wa wakubwa hawaingii. Mwaka wa 1998 Wasweden wawili, Walter Korpi na Joakim Palme, walilinganisha nchi tajiri wakakuta kitu cha kushangaza: kadiri nchi inavyolenga maskini peke yao, ndivyo inavyopunguza umaskini kidogo. Sababu si uchawi. Tabaka la kati likiwa nje ya mpango, halina hamu ya kuulipia, na mfuko unabaki mdogo. Likiwa ndani, linaulinda kama mboni ya jicho.

Utasema hiyo ni Ulaya. Sawa, njoo karibu. Mauritius ilianza pensheni ya wazee 1950 kwa kupima kipato, kisha 1958 ikaondoa kipimo. Kimerudi na kuondoka tangu hapo. Serikali ilipokirudisha 2004, mwaka uliofuata ikashindwa uchaguzi, na kikatolewa tena. Wazee wa kisiwa walikuwa wameshazoea pensheni kama haki, si kama sadaka.

Karibu zaidi: Kenya yenyewe. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi. Hakuna aliyeulizwa barua ya chifu. Zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nyumbani wakaingia darasani, na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge wa Eldoret, mwenye miaka 84, akavaa soksi ndefu akajiunga na darasa la kwanza. Ndiyo, madarasa yalifurika na walimu walichoka, na michango ya pembeni imerudi kwa mlango wa nyuma. Lakini nani leo anasimama jukwaani kusema tuwapime wazazi kabla mtoto aingie darasa la kwanza? Hayuko. Ikishakuwa ya wote, hata mwanasiasa anaogopa kuigusa.

Hata Inua Jamii ina kipande cha namna hiyo. Tangu 2018 mzee wa miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni nyingine anastahili, bila kupimwa umaskini. Sh2,000 kwa mwezi ni kidogo, na hufika kwa kuchelewa. Lakini shosho wangu hakulia mbele ya mtu ndipo azipate. Alionyesha kitambulisho.

Pesa itatoka wapi? Hilo ni swali halali na sina jibu la kichawi. Najua kwamba tajiri anayepata huduma bure anaweza kurudisha kupitia kodi, kwa hivyo mpime wakati wa kulipa, si wakati wa kuumwa. Najua pia kwamba huwezi kufanya kila kitu siku moja. Kama ningeambiwa nichague kimoja, ningeanza na ajali na dharura hospitalini: mtu akiletwa, atibiwe, bili isifuate ukoo wake. Wengine watataka karo kwanza, na tunaweza kubishana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya ya hali ya juu inayowezekana na ya hifadhi ya jamii. Haikusema kila maskini. Imesema kila mtu.

Agosti 2027 watakuja tena mtaani na lesso na unga. Mmoja wao atakuuliza mtaa wenu unahitaji nini. Usimwambie jenereta ya kanisa wala jezi za timu. Muulize mjenzi akianguka kutoka ghorofa ya pili leo jioni, nani atalipa dipoziti, na kama atajibu "mniletee hiyo kesi ofisini", mwambie arudie, usikie vizuri.

Nikimaliza kuandika hapa simu imelia. Ni anti. Jina langu bado halijaingia kwa orodha ya wiki hii na leo ni Alhamisi. Natuma Sh500.